Theluji Juu ya Sinia

Mlima wa kwanza kuuangusha niliuangushia jikoni, Matrah, mwezi wa Agosti, juu ya sinia la shaba la mama la kupakulia pilau. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Theluji sikuwahi kuiona kwa macho yangu, lakini mwaka ule nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote baina ya Matrah na Azaiba, na kiburi nilichokuwa nacho kwa hilo kilikuwa hakisemeki.

Mimi na mama tulifika Muscat mwishoni mwa mwaka 1964, kutoka Unguja. Baba alikuwa keshafariki zamani. Mjomba, kaka yake mama, alitutangulia, na akawa na duka sokoni Matrah la unga, mchele, sukari na papa mkavu aliyekuwa akiletewa kutoka Yiti. Alitutafutia nyumba ya vyumba viwili karibu na yake, yenye dari ya kulalia wakati wa joto, na nyuma yake jabali tupu la mawe. Unguja niliacha darasa la sita, begi langu na kiti changu cha mbele. Matrah wakati ule skuli ya serikali ya wasichana haikuwapo. Nililia kwa ajili ya skuli kuliko nilivyolilia kitu chochote, na hata leo naona haya kulisema, kwa sababu wenzetu walikuwa na makubwa zaidi ya kulilia.

Kaka yangu alinizidi miaka saba. Yale yaliyotokea Unguja yalimkuta Ulaya, nchini Austria, katika mji wa milimani, akisomea uhandisi wa barabara. Hakuweza kurudi kule tulikotoka, na huku tulikokuja alikuwa hajawahi kukukanyaga. Kwa hiyo alikuwa anaandika. Zile karatasi nyembamba za buluu ndizo zilizokuwa skuli yangu. Mama alisoma Kurani na akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za kaka nilikuwa namsomea mimi, na kila barua ilikuwa na fungu la mwisho lililokuwa langu peke yangu: masuala matatu ya hesabu au ya jiografia, na majibu ya yale ya mara iliyopita. Nilikuwa nikikosea, ananiandikia kwa wino mwekundu. Mtu anapita bahari mbili kuja kukukosoa kwa wino mwekundu, na wewe unafurahi mpaka unaruka.

Katikati ya mwaka 1967 ikaja barua ya kuomba radhi.

Nyumbani kwetu radhi ya mama haikuwa ruhusa ya kwenda na kurudi. Ilikuwa ni maneno yanayotamkwa kwa mdomo, mama amekaa kitako, na mtoto asiyetamkiwa hatoki, hata awe na ndevu. Kaka aliandika kwamba kuna kikosi cha watu kinachoangalia theluji juu ya barabara kubwa ya milimani, na kwamba wamemwita akae nao majira mazima ya baridi, kwenye kibanda huko juu. Akimaliza atapewa cheti na kazi. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Septemba. Kisha, kwa kuwa kaka yangu hajui kuficha, akaongeza: mama ajue kwamba kazi yenyewe ina hatari, theluji huporomoka na kufukia watu.

Mama alikuwa anashona kofia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kofia za vitobo, na watu walikuwa wanazifuata kutoka mbali. Sindano ikasimama.

"Inaporomokaje?" akaniuliza. "Si maji hayo?"

"Ni maji yaliyoganda, mama."

"Barafu nnaijua mimi. Tukinunua kiwandani Unguja, inakuja imefungwa gunia. Haijaporomokea mtu."

"Hii si ile."

"Basi ni ipi?"

Mama akaichukua ile barua, akaikunja, akaitia chini ya mto aliokuwa ameegemea. "Simnyimi radhi," akasema, "na simpi. Siwezi kumtolea mwanangu radhi kwa kitu nisichokijua. Mwambie anieleze."

Nilitaka apewe. Nilitaka kama vile ninayekwenda ni mimi. Nikiwaza kibanda kile juu ya mlima, na mtu wa kwetu ndani yake, nilikuwa siwezi kutulia; nilikuwa napanda na kushuka ngazi ya dari bila sababu mpaka mama ananiuliza kama nimeingiwa na chungu nguoni.

Maelezo yalikuja mwanzo wa Agosti, karatasi nne zilizojaa michoro. Theluji, aliandika kaka, hailali ikawa kitu kimoja. Inaanguka leo, inaanguka tena wiki ijayo, inapigwa na upepo, inapigwa na jua, na kila mara inalala tabaka juu ya tabaka. Mwanzoni mwa majira, ikiwa bado kidogo na baridi ni kali, ile ya chini karibu na ardhi hugeuka punje kubwa zisizoshikana, ukizitia mkononi zinapita baina ya vidole kama sukari. Kisha inakuja nyingine, upepo unaishindilia, inakuwa bamba gumu, safi, linalopendeza kupitwa. Mtu akipita, uzito wake unaivunja ile sukari ya chini, na bamba zima linaondoka pamoja naye. Mteremko mdogo hauporomoki, na ule mkali kabisa hauhifadhi theluji. Hatari ipo baina ya hiyo miwili.

Na wanajuaje? Wanachimba shimo mpaka chini, wanausafisha ukuta wake, kisha wanaujaribu kwa mkono, tabaka moja baada ya jingine. Kwanza ngumi. Ikiwa ngumi haiingii, vidole vinne. Kisha kidole kimoja, kisha penseli, kisha kisu. Hawatafuti laini wala hawatafuti gumu. Wanatafuta gumu lililokaa juu ya laini.

Wallahi, kwa muda wa wiki nzima hakuna kitu Matrah kilichosalimika na mkono wangu. Gunia la tende la mjomba lilikuwa vidole vinne juu na kisu katikati. Chokaa ya ukuta wa jikoni, penseli. Wali wa jana, kidole kimoja. Jirani yetu, bibi wa Kiomani ambaye maisha yake yote hajawahi kutoka Matrah, alikuja na kahawa na sahani ya halwa, na kabla hajaketi nilikuwa nimeshatia ngumi.

"Ngumi haiingii!" nikapiga kelele.

"Huyu binti yako ana nini?" jirani akauliza, na mama akanipiga kibao cha mkono mbele ya mgeni. Lakini halwa tuliila, na mimi nilikuwa na jambo jipya kichwani. Kama maneno hayamtoshi mama, nitamtengenezea mlima.

Mlima wa kwanza ndio huo nilioutaja. Nilimwaga sukari kwenye sinia, nikachekecha unga juu yake mpaka ukawa mweupe wa kupendeza, nikaushindilia kwa kibao cha chapati, kisha nikaliinua sinia upande mmoja. Sijalifikisha popote, kila kitu kikashuka miguuni mwangu. Shaba inateleza mno. Mama alisimama mlangoni akiangalia unga ulioenea sakafu nzima.

"Ndio mlima gani huu," akasema, "usiostahimili hata kuinuliwa? Na mwanangu anataka kwenda kuishi juu yake?"

Nikamwambia bado, mlima wa kweli una mawe na majani, unashika. Nikakata kipande cha gunia, nikakibandika kwenye sinia kwa uji wa unga, nikakiacha kikauke juani. Nilichukua mkebe wangu wa jometri, kitu pekee cha skuli nilichotoka nacho Unguja, nikatoa kipimapembe, nikakifunga kwa uzi pembeni mwa sinia ili nijue nimeinua kiasi gani. Siku ya pili asubuhi nikamimina sukari kwenye bakuli na kuiweka tayari, na nikatangaza kwamba adhuhuri mlima utaanguka. Mama akamwita jirani. Mjomba alikuja kula chakula cha mchana, akakuta unga wake na sukari yake vimetandazwa, akashika kiuno.

"Hicho ni chakula cha watu," akasema.

"Ni theluji," nikamwambia.

"Mashallah. Leo n'nauza theluji na sijijui."

Nikatandaza sukari, nikachekecha unga, nikashindilia. Nikaanza kuinua pole pole. Wote watatu waliinama. Nikainua mpaka pale kaka alipoandika kwamba pana hatari. Kimya. Nikabonyeza kwa kidole. Hakuna kitu. Nikainua zaidi, nikabonyeza kwa vidole viwili, na mlima umesimama imara, haukudondosha hata punje.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na mimi sikuwa nimemwona akicheka namna ile tangu tufike. "Hii ndiyo inayotisha Wazungu?" akasema. Akakaa kitako pale pale jikoni, akaweka mikono mapajani, na mbele ya kaka yake na jirani akatamka: "Mwanangu, nna radhi nawe, dunia na akhera. Nenda." Kisha akanigeukia. "Andika, mjomba wako achukue."

Niliandika. Furaha ilinishika mpaka herufi zikawa zinarukaruka. Mjomba akaitia barua mfukoni, kesho yake asubuhi alikuwa na safari ya kuvuka kwenda Muscat penyewe, na posta ilikuwa huko. Wageni wakaondoka. Nikaanza kukwangua sinia.

Sukari ilikuwa imegandana. Ilitoka vipande vipande, imeshikana na gunia chini na unga juu. Nilijua sababu pale pale, wala sihitaji kujisingizia kwamba nilijua baadaye. Agosti ya Matrah hewa yenyewe ni maji. Bakuli nililiacha wazi tangu asubuhi, na sukari ikanywa unyevu mpaka ikashikamana. Ile ya kaka haishikani. Hiyo ndiyo khabari yote ya ile sukari, kwamba haishikani, na mimi nilikuwa nimemwonyesha mama kinyume chake.

Nikanyamaza. Nilisafisha sinia, nikalisimamisha ukutani, nikajiambia kwamba radhi imeshatoka na radhi ni radhi. Kaka atapata cheti. Nitapata barua kutoka kibandani. Na ni kweli kwamba watu wengi wanafanya kazi ile na wanarudi. Nilijipa sababu nzuri nzuri mpaka baada ya Alasiri.

Kilichonishinda ni mama. Alikuwa amekaa barazani na kofia yake, na alikuwa anaimba kwa pua, taratibu, kama alivyokuwa akifanya Unguja. Tangu ile barua ya kuomba radhi ifike hakuwa ameimba. Nikasimama mbele yake.

"Mama. Sukari ilikuwa na maji."

"Sukari gani?"

"Ya mlima. Ilishikana kwa unyevu. Kule kwa kaka haishikani. Ule mlima ulikuwa wa uwongo."

"Na wewe umejua lini?"

"Nilipokuwa n'nasafisha."

"Na barua mjomba wako alikuwa keshaichukua."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja kibao, na ningekipokea kwa shukrani. Mama alichoma sindano kwenye kofia, akainuka. "Twende jikoni," akasema.

Niliwasha stovu, nikaitia sukari mpya kwenye kikaango, moto mdogo kabisa, nikawa naigeuza na kuigeuza isije ikayeyuka. Jasho linanitoka mpaka machoni. Tuliiacha ipoe imefunikwa. Nikatandaza, na safari hii ilikuwa inaniponyoka vidoleni, inalia chwa chwa chwa. Nikachekecha unga, nikaushindilia. Mama akanyoosha mkono, akachukua tende moja kutoka kwenye sahani, akaiweka katikati ya weupe ule.

"Huyo ni kaka yako," akasema. "Haya."

Nikainua. Kipimapembe kilikuwa bado kiko chini ya pale tulipofika adhuhuri. Nikabonyeza kwa kidole juu kidogo ya tende, kwa upole kabisa. Ukatokea ufa, mstari mmoja ulionyooka kutoka upande huu mpaka upande ule, na bamba zima likaondoka kwa mpigo mmoja, puu, likavunjikia chini ya sinia. Nilipiga ukelele. Nasema kweli, sikuogopa. Nilifurahi! Ulikuwa umeanguka kama ulivyochorwa, ufa ule ule, mstari ule ule, na mimi ndiye niliyeufanya.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa ametia mikono yote miwili kwenye unga, anaitafuta ile tende. Aliitafuta kwa haraka, anafukua na kumwaga pembeni, na alipoipata aliipangusa kwa kanga yake, akaishika.

Nikaliweka sinia chini.

"Rejesha mlima," akasema.

Nikarejesha. Ukaanguka. Nikarejesha tena. Mara ya nne aliniuliza: "Na wao wanajua vipi kabla?" Nikachukua kijiko, nikachimba shimo dogo kwenye unga, nikasafisha ukuta wake, nikamwonyesha michirizi. Mama alisogea karibu. Akatia kidole chake, kile kidole kilichokuwa kinahesabu vitobo vya kofia gizani bila kukosea, akakishusha pole pole. Juu, pagumu. Katikati, pagumu. Chini sukari ikamwagika yenyewe, na juu yake ukabaki ukingo wa unga unaoning'inia bila kushikwa na kitu.

"Hapa," mama akasema.

"Hapo, mama."

Akatia kidole tena pahala pengine, kisha pengine, amefumba macho, na kila mara alipolifikia tabaka lile alisema "hapa" bila ya mimi kumwambia. Nikasahau kwamba nimo katika makosa. Nikaanza kumweleza habari ya upepo, upande ambao theluji hurundikana, jinsi watu wanavyovuka mmoja mmoja na si kwa kundi, ule mlio mzito unaosikika chini ya miguu kabla mambo hayajaharibika, na mama anauliza, na mimi najibu, na anauliza tena. Maghribi ilitukuta tuna unga mpaka kwenye nyusi. Mjomba akaingia, na barua bado iko mfukoni mwake.

"Hiyo irejeshe," mama akamwambia.

"Radhi umetoa mbele yangu! Kuna radhi inayorejeshwa?"

"Sikuirejesha. Nilitoa bila ya kujua, sasa n'natoa nikijua."

Barua mpya niliiandika mimi, na chini yake mama akaandika mwenyewe, kwa herufi zake za Kiarabu, taratibu, akaninyima kusoma. Baadaye sana kaka ndiye aliyenionyesha. Mama alikuwa ameandika: Nna radhi nawe. Usipite pahala ambapo hukutia kidole chako mwenyewe. Usikubali kuambiwa na mtu kwamba pazuri, hata awe mkubwa wako, hata awe amekuja na ushahidi. Dada yako aliniambia pazuri.

Siku mbili hakunisemesha ila kwa jambo la kazi. Siku ya tatu alinipa ile tende. Ilikuwa imekauka, na ilikuwa na ladha ya unga.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Kwa Matrah huo ndio wakati mzuri wa mwaka, watu wanatembea, wanapumua, na mimi kila hewa ikipoa kidogo nawaza huko inakuwaje. Mvua ilinyesha mara moja, mvua ya kweli, na jabali la nyuma ya nyumba likaanza kumwaga mawe na tope. Watu wote walikimbilia ndani. Mama alitoka nje na mwavuli, akatia kidole kwenye tope, akarudi akasema usiku huo hatulali chumba cha nyuma. Hatukulala. Hakuna kilichoanguka zaidi, na mjomba alitucheka mwezi mzima.

Barua za kaka zilikuwa zinakuja kwa kuchelewa na kwa kurukana, ya Januari imefika kabla ya ile ya Disemba. Moja naikumbuka kuliko zote. Aliandika kwamba kiongozi wao alitaka wakate mteremko mmoja ili wafike kibandani kabla jua halijazama, mteremko ambao alikuwa akiupita miaka yote. Kaka akaomba kuchimba kwanza. Wenzake walikuwa wameshachoka, na walikuwa wameshazoea kumtania kwa kofia yake ya vitobo chini ya kofia ya sufi. Akachimba peke yake. Akaikuta sukari, kidole kilipita bila kuzuiwa na kitu. Kiongozi akaja, akatia kidole chake, wakazunguka njia ndefu, wakafika wakiwa hoi. Mteremko haukuanguka. Haukuanguka siku ile wala wiki ile, na kaka aliandika kwamba hatajua maisha yake yote kama wangepita salama.

Nilisikitika kidogo, nakiri. Nilitaka uanguke, wakishapita pembeni. Mama aliniambia niisome tena sehemu ile, na nikaisoma.

"Bora asijue," akasema. Akaomba sindano yake.

Kaka alikuja mwishoni mwa mwaka 1970, mambo yalipofunguka na watu wetu wakaanza kurudi kutoka kila pembe. Alishuka na kofia ile kichwani, imefifia rangi, na mama aliigusa kofia kabla hajamgusa uso. Nyumba ilijaa watu. Na miezi ile kila siku ilikuwa na jambo lake: barabara inapimwa, hospitali inajengwa, skuli za wasichana zinafunguliwa. Wanatafuta wanawake wanaojua kusoma na hesabu wafanywe walimu. Nilipolisikia hilo nilikimbia, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, nimekimbia mchana kweupe kutoka nyumbani kwa mjomba mpaka kwetu.

Mama alikuwa barazani na kofia yake.

"Mama, naomba radhi yako. Nitakuwa mwalimu. Skuli ya wasichana, hapa hapa Matrah, nitakwenda asubuhi na adhuhuri nimesharudi, utaniona kila siku, wala sitoki—"

Mama aliendelea kushona. Nilikuwa nimemwambia yote isipokuwa moja, kwamba kabla ya hapo walimu hao wanapelekwa Kuwait, mwaka mzima, na kwamba sijui mtu hata mmoja huko. Hilo nilipanga kulisema akishatamka.

Akaichoma sindano kwenye kofia. Akainuka, akaingia jikoni, nikasikia shaba inagonga ukuta. Alirudi na sinia, na kile kipande cha gunia bado kimebandikwa, akaliweka sakafuni mbele yangu.

"Haya," akasema. "Nioneshe."

Nikatazama sinia, nikamtazama yeye. Kisha nikaenda jikoni nikachukua sukari. Nilitia mkono kwenye kopo, na hata mwezi ule wa Disemba ilikuwa na unyevu wake. Nikawasha stovu, nikaimimina kwenye kikaango, moto mdogo, na huku naigeuza nikaanza kumwambia habari ya Kuwait.